Wageni wa Jumapili wasikutoe jasho

Jamani mgeni akija sio lazima upike pilau, biriani, kuku na sambusa siku moja, mwisho wa siku unakaa nao mezani umechoka hata stori huna. Mi napenda mezani kuwe na vitu vitatu tu, wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kukaanga, basi.

Siri iko kwenye kuanza jana yake. Maharage yaloweke usiku, asubuhi chemsha yaive kabisa, kitunguu na nyanya kaanga pembeni, halafu weka tui jepesi kwanza lichemke nayo, tui zito linakuja mwisho kabisa na moto uwe mdogo huku unakoroga maana ukiliacha lichemke kwa nguvu linakatika. Samaki nao wapake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mapema, wakae kwenye friji, wageni wakifika ndo unawakaanga wawe wa moto.

Wali kilo moja watu wanane wanakula vizuri, na ukiwa na mkaa palia juu ya mfuniko, hapo ladha yake nyie acheni tu.

Kachumbari usikate mapema inachuja maji. Kitunguu kioshe na chumvi kwanza kupunguza ukali.

Na shemeji akiuliza asaidie nini, mpe ndimu akate, msikatae watu kuingia jikoni, stori tamu ziko hukohuko.