Mzee Chen na wakili wake

Kuna stori ya korti imenikaa kichwani tangu wiki jana. Niliisoma kwa matatu, jam ya Waiyaki Way ile ya jioni, nikacheka peke yangu mpaka mama wa kando akasogeza mkoba wake.

Ni Nanjing, Uchina, Aprili 1933. Kizimbani kuna mzee wa miaka 53 anaitwa Chen Duxiu, aliyekuwa kiongozi wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha Uchina. Wakili wake Zhang Shizhao ni beste wa kitambo, anamtetea bure, na ameongea vizuri kweli, ati mteja wangu hana ubaya na serikali, tena zamani hata alifanya kazi na hao Kuomintang wenyewe, chama tawala. Akikaa tu, mzee anasimama anaambia korti hayo ni maneno ya wakili, yangu mimi yako kwa yale nimeandika mwenyewe. Yaani mtu anatolewa kwa shimo anarudi kuchukua kofia yake! Akapigwa miaka 13, rufaa ikashusha hadi 8.

Na huyu si mtu wa hivi hivi. Ndiye alianzisha jarida la vijana Shanghai 1915 lililowasha moto kwa wasomi wote wa Uchina, akawa mkuu wa kitivo pale Chuo Kikuu cha Peking, wakati Mao alikuwa msaidizi tu kwa maktaba ya hapo. Chama cha Kikomunisti kilipofanya mkutano wa kwanza 1921 yeye hata hakufika, alikuwa Guangzhou, na bado wakamchagua kiongozi.

Shida ilianza na Moscow, kwa wakubwa wa ukomunisti. Walitaka wakomunisti waingie ndani ya Kuomintang, Chen akapinga, wakasisitiza, akakubali shingo upande. Tarehe 12 Aprili 1927 Chiang Kai-shek, mkubwa wa Kuomintang, akawageuka, watu wakachinjwa Shanghai. Mtoto wa Chen, Yannian, akauawa Julai mwaka huo, mdogo wake Qiaonian akafuata Juni 1928. Sasa lawama ikaanguka kwa nani? Kwa mzee, si kwa wale waliotuma amri. Akaanza kusoma maandishi ya Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyekosana na Stalin, akaona kumbe kuna mwingine alikuwa anasema hayo hayo, na Novemba 1929 chama alichokizaa kikamfukuza.

Hapo nikamkumbuka Bildad Kaggia, mpigania uhuru wetu hapa Kenya. Baba yangu ni wa Kandara na hii amenisimulia mara mia. Mtu amefungwa pamoja na Kenyatta tangu kesi ya Kapenguria, halafu 1965 Kenyatta, sasa ni rais, anamuuliza mbele ya umati, kwao nyumbani, wenzako tuliofungwa nao wamejijenga, wewe umejifanyia nini? Kaggia baadaye alikuwa na kisiagi, anasaga mahindi. Baba akifika hapo hunyamaza, anatafuta chai yake.

Si kwamba Chen alikuwa malaika, alikuwa na kichwa ngumu ajabu, hata na wafuasi wenzake wa Trotsky hawakuelewana. Lakini angalia, vita ya Japani ikafanya atolewe jela Agosti 1937, chama kikasema anaweza kurudi akikubali makosa yake, akakataa. Serikali ya Chiang nayo ikamvuta, akakataa pia. Ndio 1938 chama chake cha zamani kikamsingizia ati analipwa na Wajapani 300 kila mwezi. Mia tatu! Na mtu hana hata kodi.

Akaishia Jiangjin huko Sichuan, mgonjwa, anasaidiwa na marafiki, na kwangu hapo ndio aliandika kitu cha maana kuliko vyote. Kwamba demokrasia si mali ya matajiri, kwamba mfanyakazi pia anahitaji uchaguzi, kugoma, kuandika anachotaka, na chama cha upinzani. Na kwamba si Stalin aliyezaa ule mfumo, ni mfumo uliozaa Stalin. Hii ni 1940, wengi wa mrengo wake hawakutaka kuisikia kabisa.

Kitu ya mwisho alikuwa anaandika hata haikuwa siasa, ni kitabu cha kufundisha watoto herufi za Kichina. Waziri wa elimu, Chen Lifu, akasema kitachapishwa jina likibadilishwa. Jina tu. Mzee akakataa, akafa tarehe 27 Mei 1942, kitabu kikiwa bado hakijachapishwa.

Nimempigia baba nikamsimulia hiyo ya jina. Amecheka, akaniuliza kama huyo mzee pia alikuwa na kisiagi.