"Ni Chai Tu": Nilivyotuliza Tumbo Kabla ya Mionzi

Kabla ya kuwasha mionzi tunampiga mgonjwa picha ya CT (inayoonyesha ndani ya mwili) akiwa amelala kwenye meza ya mashine, kisha tunailinganisha na ile iliyotumika kupanga matibabu. Kwenye saratani ya tumbo, picha hizo huweza kukupumbaza. Mifupa ya mgongo inakaa sawasawa kabisa, kumbe tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, limevimba au limeshuka. Pumzi peke yake hulisogeza sentimita moja, hata mbili. Na jirani zake ni figo, ini na utumbo.

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mionzi hapa Nairobi. Niligundua kwamba tofauti kubwa kati ya picha hizo huanzia nyumbani kwa mgonjwa. Nikimuuliza, "Mzee, umekula kitu leo?" hunijibu, "Hapana daktari, ni chai tu." Chai yetu ni maziwa na sukari, aghalabu na mandazi, na wengi hawaihesabu kuwa chakula. Siku hizi nauliza kilichopita kinywani na saa ngapi.

Tulikubaliana na daktari na mwanafizikia wetu: muda wa saa tatu bila kula wala kunywa kabla ya skani ya kupangia matibabu, na vivyo hivyo kabla ya kila kipindi cha mionzi. Ugumu ukawa foleni. Mgonjwa anayetoka Machakos kwa matatu ya alfajiri hawezi kushinda njaa mpaka mchana, tena amekwisha kukonda, na matibabu mara nyingi ni vipindi 25, siku tano kwa wiki. Niliwapigania wapewe nafasi za kwanza asubuhi, na wakishuka mezani wale papo hapo. Hilo nalitetea hadi leo.

Kuhusu pumzi, tunafanya mazoezi mapema, jamaa yake akiwepo: vuta, shika, achia. Asiyeweza kushika, kwa maumivu au umri, tunampanga kwa skani inayofuata mwendo wa pumzi, na ukingo wa usalama, yaani eneo la ziada tunaloliwekea mionzi kuzunguka sehemu inayotibiwa, unabaki mpana. Wanaoweza, daktari amekubali kuupunguza, na figo ya kushoto inapata nafuu.

Picha tunailinganisha kwa mifupa kwanza, halafu kwa ukuta wa tumbo. Gesi ndiyo bado inatusumbua. Tumbo likivuka mstari uliochorwa kwenye picha ya kupangia, namwinua mgonjwa, anatembea kidogo kwenye korido, tunapiga picha upya.