Kila Mtu Kuielekea Nyumba Yake

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili naomba tusome Nehemia mlango wa 3. Najua wengi tukifika hapo huwa tunauruka, maana ni majina matupu ya watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu: fulani mwana wa fulani akajenga lango, kando yake fulani akajenga kipande. Mimi mwenyewe nimeuruka miaka mingi. Kilichonirudisha ni wiki mbili nilizokaa ng'ambo ya daraja la Sabaki, njia ya kwenda Mambrui, nikiwatafsiria wageni waliokuja kumjengea mama mmoja ambaye nyumba yake iliharibiwa na mvua za El Nino mwishoni mwa mwaka 2023.

Mvua zile mnazikumbuka. Bahari yetu hapa Malindi ilikuwa ya kahawia siku nzima kwa udongo wa Sabaki. Nyumba ya kukandika haianguki kwa kishindo. Udongo wa chini unalowa, unavimba, unamegeka pande pande, halafu fito zinabaki wazi kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ndivyo nilivyoikuta nyumba ya mama huyu. Makuti yameinamia upande mmoja, na kitanda cha kamba unakiona ukiwa nje, kupitia ukutani. Yeye na wanawe wanne walikuwa wanalala jikoni.

Wageni walikuwa kumi na mmoja, wengine wa Marekani na wengine wa Italia. Alikuwemo muuguzi, mwalimu wa shule ya msingi, mhasibu aliyestaafu, na vijana wawili wa chuo. Kila mmoja alijilipia nauli, akatumia likizo yake, na juu ya hapo akachangia saruji na mabati. Wako watu huku kwetu wanaowacheka: mtu ana pesa zake, badala ya kukaa ufukweni anakuja kubeba karai! Mimi siwezi kuwacheka tena. Someni aya ya 8. Anayejenga hapo ni mfua dhahabu, na kando yake ni mtengeneza manukato. Mikono iliyozoea vichupa vya mafuta mazuri imeshika mawe, na Roho Mtakatifu ameona vyema kazi zao za kila siku ziandikwe pamoja na kipande chao cha ukuta. Shuka hadi aya ya 12, utamkuta Shalumu, mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, anajenga pamoja na binti zake.

Lakini moyo mwema hausimamishi ukuta. Siku ya pili yule mzee mhasibu alipanga mawe yake kwa bidii hata shati likalowa, na mstari wake ukapinda. Fundi wetu hakusema neno. Jioni wageni walipopanda gari kurudi walikolala, akachukua timazi, akaishusha kwenye kona, akayatoa mawe sita kabla udongo wa saruji haujakauka, akayapanga upya. Nikamsaidia kushika taa ya simu. Asubuhi yake nikamweleza yule mzee, nikiogopa ataudhika. Akamwendea fundi, akamwomba amfundishe kusoma uzi. Kuanzia hapo kazi ikawa nyingine: kila mgeni alipewa fundi au saidia fundi wa kijijini wa kukaa naye, na mafundi wanne walilipwa ujira wao kamili kila Jumamosi. Nalisema hili kwa kuwa nimeona penginepo wageni wakipewa kazi ambayo vijana wa hapo wangeifanya wakapata unga wa nyumbani. Huo si msaada.

Na picha pia. Siku ya kwanza simu zilikuwa nyingi kuliko miko. Mama alipewa kiti cha plastiki akae kivulini atazame nyumba yake ikijengwa, na apigwe picha. Alikaa kama dakika tano. Kisha akainuka, akaweka juu ya kile kiti ndoo ya maji ya kunywa na kikombe chake, akachukua karai akaenda kwenye mchanga. Hakurudi kukikalia mpaka siku ya mwisho. Nyumba yake alikuwa anaijenga mwenyewe.

Hapo ndipo Nehemia 3 iliponifungukia. Tazameni maneno yanayorudi: huyu alijenga kuielekea nyumba yake, yule naye kuielekea nyumba yake. Makuhani wa aya ya 28 kila mmoja mbele ya nyumba yake. Na Meshulamu wa aya ya 30 ameandikiwa chumba tu. Sisi tunaopanga chumba kimoja mjini tumshike huyo, asije mtu akasema mimi sina nyumba basi sina ukuta. Nehemia alikuwa na barua za mfalme Artashasta wa Uajemi, alikuwa na ruhusa ya miti kutoka kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme. Angeweza kuajiri vibarua kutoka mbali akawajengea wenyeji wakiwa wamekaa. Akaacha kila familia ishike kipande kilicho mbele ya mlango wake, na ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Tena kabla ya hapo, mlango wa 2, alifika Yerusalemu akakaa siku tatu bila kumwambia mtu jambo. Akatoka usiku na watu wachache, akazunguka akiuangalia ukuta uliobomoka, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Mgeni aliyetoka jumba la mfalme huko Shushani anaanza kwa kutazama. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wageni wengine, sitawataja, wakajenga nyumba nzuri ya mawe kijiji cha jirani, kwa ramani waliyokuja nayo. Dirisha la chumba cha kulala likaelekezwa kusini, na juu ya dirisha hawakuweka kipaa cha kuzuia mvua. Mtu yeyote wa Pwani angewaambia kwamba masika huja na kusi, ule upepo wa kusini, na mvua ya kusi hainyeshi kwenda chini, hupiga ubavuni. Ile familia hadi leo ikifika Aprili inasogeza kitanda na kuziba dirisha kwa gunia. Hakuna aliyewauliza.

Safari hii mama aliulizwa. Ukuta ulipofika kiunoni, kiongozi wa wageni aliniomba nimuulize kama kila kitu kiko sawa. Mama akazunguka na karai lake kichwani, akasimama penye nafasi ya dirisha, akasema, "Mwambie mwanangu hili walihamishe, litazame kwenye mwembe. Huku ndiko mvua inakotokea." Yule mwanangu ana miaka sitini na zaidi. Walitoa mawe ya kozi mbili, wakahamisha dirisha, na siku nzima ikapotea. Naamini ile ndiyo siku iliyojengwa zaidi kuliko zote.

Jambo hili la kujenga pamoja na mwenye nyumba lina historia ambayo inatuhusu sisi Waafrika. Millard Fuller alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Marekani. Yeye na mkewe Linda walitoa mali yao, wakaenda kukaa katika jamii ya waumini ya Koinonia huko Georgia, na pamoja na mhubiri Clarence Jordan wakaanza kufikiria nyumba zinazojengwa na watu wa kujitolea na wenye nyumba bega kwa bega, bila faida wala riba. Mwaka 1973 wakahamia Zaire, Kongo ya leo, wakaujaribu mpango huo katika mji wa Mbandaka kwa miaka mitatu. Waliporudi kwao mwaka 1976 ndipo wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Familia inatoa jasho lake kwenye nyumba yake, na mara nyingi pia kwenye nyumba ya jirani, kisha inalipa mkopo kidogo kidogo. Mkisoma Nehemia 5 mtaona katikati ya ujenzi uleule anawaita wakubwa anawaambia waache kuwatoza ndugu zao riba. Ukuta na riba vimo katika kitabu kimoja, tena katika kazi moja.

Rais wa zamani wa Marekani, Jimmy Carter, naye aliingia kazi hiyo na mkewe Rosalynn mwaka 1984. Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka 95, alianguka nyumbani kwake akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na bado akaenda Nashville kujenga, uso umevimba. Huyu alikuwa mkuu, na shingo yake aliitia kazini.

Nimetumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu ya aya ya 5. Watekoi, watu wa mji wa Tekoa, walijenga, lakini wakuu wao hawakuzitia shingo zao katika kazi. Kati ya majina yote ya mlango ule, hao hawakupewa hata jina. Aya hii imenisumbua zaidi ya wiki mbili sasa. Jioni moja yule muuguzi aliniuliza, bila ubaya wowote, kanisa la mama huyu liko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Bati lake linaonekana kutoka pale uwanjani. Ni kanisa letu, wapendwa. Mama yule tunakaa naye benchi moja. Mvua ilimwangushia nyumba, tukamwombea, tukamchangia sukari na unga, na tukangoja watu wapande ndege mbili waje wambebee mawe. Sikumtafsiria muuguzi jibu lolote. Nilijifanya nimeitwa.

Wazee wetu walikuwa na msaragambo. Mtu akifunga fito zake, mtaa mzima unakuja, wengine wanakanyaga udongo, wengine wanaleta maji, kufikia adhuhuri ukuta una nguo. Hakuna aliyengoja mradi. Watekoi wa kawaida, ambao wakuu wao waliwaaibisha, mtawakuta tena aya ya 27: wamemaliza kipande chao, wanajenga cha pili. Hiyo aya inanipa tumaini kwa ajili yetu.

Kwa hiyo Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tunakwenda kukandika nyumba ya bibi yule anayekaa nyuma ya kisima cha zamani. Vijana wamekwisha kumfungia fito, makuti yapo. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye dumu la lita 20 aje nalo limejaa. Akina mama wa kwaya wameahidi mihogo na chai ya tangawizi. Bibi amesema yeye mwenyewe atakandika ukuta wa mlangoni, asiguswe. Wazee wa kanisa, nami pamoja nanyi, nimetuandika ukuta wa upande wa kusi, ambako udongo unatakiwa uwe mzito.