Scout imebiringika: jaribio la saba

Imebiringika! Jumapili asubuhi, Scout yangu, roketi ndogo ya modeli, imeshuka ikijipindua hewani kama karatasi iliyotupwa kutoka ghorofani, badala ya kujichomeka ardhini kama mkuki. Nilipiga kelele hadi mzee aliyekuwa akitembeza mbwa wake akasimama kunitazama.

Kwa anayekuta kumbukumbu hizi leo: ninaunda upya Astron Scout, seti ya kwanza kabisa ya Estes, kampuni ya roketi za modeli, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haina parachuti wala utepe. Chaji ya mwisho, mlipuko mdogo injini inapomaliza kuwaka, inaisukuma injini nyuma, waya unainasa, kitovu cha uzito (pale roketi inaposawazika) kinahamia nyuma ya kitovu cha shinikizo (pale nguvu ya hewa inapoegemea), roketi inapoteza mwelekeo na kushuka polepole ikibiringika. Kuisimulia ni rahisi.

Majaribio matatu ya mwanzo nililaumu tepu inayoibana injini ndani ya bomba. Nikizungusha raundi mbili, injini haichomoki. Raundi moja, inafyatuka hadi inapinda waya na kuangukia majanini. La nne na la tano injini ilirudi vizuri, ikanaswa vizuri, na bado roketi ikaja pua chini. Nusura niikanyage.

Ijumaa usiku nikachukua mizani ya jikoni. Roketi gramu 9, ganda la injini lililoungua gramu 12. Ili kupata kitovu cha shinikizo nikakata umbo lake kwa kadibodi na kulisawazisha juu ya ukingo wa rula, njia ya kizamani, maana Scout ilitangulia hata hesabu za James Barrowman za 1966 za kukitafuta kitovu hicho. Umbali kati ya vitovu viwili, ganda likiwa tupu: milimita 11. Waya wangu uliiruhusu injini irudi milimita 15 tu, kwa hiyo kitovu cha uzito kilisogea 8 na nusu. Kumbe roketi ilikuwa bado imetulia kabisa! Wiki tatu nachezea tepu, kosa liko kwenye waya.

Nikapinda waya mpya wa milimita 28; kitovu kinasogea 16. (Koleo la bei chee halipindi waya wa chuma, linautafuna. Azima la sonara.) Jaribio la sita waya ukabanduka wote, kazi ya supa gluu. Sirudii tena: uzi uliozungushwa na gundi ya mbao. La saba ndilo hilo.

Kinachonivutia ni kwamba parachuti ilikuwapo tayari. Orville Carlisle, muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, aliiweka kwenye roketi yake ya Rock-A-Chute tangu 1954. Lakini Vernon Estes, mwanzilishi wa kampuni ya Estes, aliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa injini: mashine yake Mabel, ya 1959, ilitoa injini moja kila sekunde 5.5. Kwangu mimi Scout ni roketi ya mtu wa injini. Ganda ambalo wengine wanaliona takataka ndilo zito kuliko roketi yenyewe, na ndilo linalofanya kazi yote ya kushuka.

Wiki hii nilipanga kupaka rangi. Sipaki. Nimeshaanza kukata mapezi madogo zaidi, nione kama kitovu cha shinikizo kitasogea mbele kiasi cha kuniruhusu waya wa milimita 20. Mizani bado iko kwenye meza yangu, na mke wangu ameshaiulizia mara mbili.