Jinsi nilivyoziba pengo la faida bei ya buni ilipopanda

Sasa nimepumua, kwa hiyo naandika ili mwenzangu asipoteze miezi kama mimi. Bei ya arabika, aina ya kahawa tunayokaanga, ilipovunja rekodi katika soko la New York mwanzoni mwa 2025, baada ya ukame Brazili, kampuni inayotuuzia buni (kahawa mbichi) nayo ilipandisha bei. Mauzo hayakushuka, lakini kila mwezi fedha zilipungua.

Nilijaribu kuongeza robusta, aina ya kahawa ya bei ya chini, kwenye mchanganyiko. Wateja wakaitambua ladha mara moja. Nikapunguza uzito wa pakiti. Wakanung'unika, na ni haki yao.

Kilichofaa ni mizani. Nilipima buni kabla na baada ya kukaanga: kilo 100 zikatoka 84, maana unyevu huondoka motoni. Ili kufidia uzito huo, sisi tulikuwa tukiongeza asilimia 16 juu ya gharama. Hapo ndipo palipovuja! Gharama hugawanywa kwa 0.84, na ongezeko halisi ni asilimia 19. Buni ikiwa rahisi, tofauti hiyo haionekani. Ikipanda, inatafuna faida. Pima kila aina peke yake, kwani iliyokaangwa sana hupoteza zaidi.

Kisha nikawaonyesha wateja hesabu yenyewe, tukakubaliana bei ifuate soko kila mwezi. Wote wamebaki.