Nimetoka Bristol, masikio bado yanavuma

Jamani, ndiyo kwanza natoka kwenye mbio za magari za NASCAR pale Bristol, Tennessee, Marekani.

Mimi ni mtoto wa Safari Rally. Naivasha unasubiri juani weee, gari linapita fyuu, unabaki na vumbi mdomoni.

Mnaniulizaga: kukata kushoto tu, mizunguko 500, raha iko wapi?

Raha ni kwamba njia nzima ya kuzunguka uwanja haifiki hata kilomita moja. Ukikaa juu unamwona wa kwanza hadi wa mkia. Mzunguko ni kama sekunde 16, na magari yanasukumana waziwazi. (Formula 1 wakigusana hivyo, bawa la gari limeshavunjika.) Na aliyesukumwa hasahau, atamtafuta tu mwenzake!

Ila kilichonimaliza ni redio. Unakodi, unavaa masikioni, unamsikia yule mtu aliye juu kabisa ya jukwaa akimwongoza dereva wake kuhusu gari lililo ubavuni, upande wa ndani:

"Yuko ndani... bado yuko ndani... umempita."

Sauti tulivu, kama anataja bei ya nyanya. Huku chini moshi mtupu!

Haya, watu wa rally, njooni hapa tubishane. Vumbi au kelele?