Daraja la Darajani

"Babu, daraja lenyewe liko wapi?"

Tumeshuka boti Malindi, tumekuja kwa miguu mpaka Darajani, jua la saa saba, na mimi nina miaka 30 na ushei sijakanyaga Unguja tangu nihamie Tanga. Nikacheka peke yangu. Swali hilohilo nilimuuliza baba mwaka 1977, tumetoka Pemba na MV Mapinduzi, nimetapika njia nzima. Baba alijibu neno moja: "Limezikwa." Kwa muda mrefu nikadhani madaraja nayo huvishwa sanda. Kumbe palikuwa na mkono wa bahari baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa barabara. Daraja likabaki jina.

Siku ile baba aliniambia nishike kanzu yake, nisiiachie. Nikashika. Tukaingia sokoni, upande wa samaki, watu wananikanyaga, macho yangu yako kwenye doa la kahawa karibu na upindo. Tukaenda, tukasimama, tukaenda. Mara doa silioni. Nikainua uso polepole. Mzee wa ndevu za hina ananitazama, mkononi ana mtungo wa changu.

"Mwanangu," akasema, "hii kanzu tunaivaa wawili?"

Sikulia. Wala sikuiachia, vidole vilikataa. Naye hakuivuta. Akasimama palepale, samaki wake wakinidondoshea maji mguuni, mpaka baba akatokea anahema, kofia kaishika mkononi. Hakunipiga. Mpaka leo sijui kwa nini, maana kwa mambo madogo kuliko hayo alikuwa akinipiga.

Soko la 1904 bado lipo. Jirani yake yamesimama maduka mapya ya vioo, Darajani Souk, mjukuu wangu akavutwa na ubaridi wa mlangoni. Majumba marefu ya Michenzani, niliyoyaona zamani kama mwisho wa dunia, sasa yamekaa kando ya mnara na maduka makubwa kama wazee kwenye harusi ya vijana. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, sikwenda. Upande wake uliporomoka 2020. Ya kichwani mwangu ingali nzima.

Tukavuka barabara, bodaboda hazina subira.

"Babu, unanivuta fulana."

Nikainama kwanza, nihakikishe ni yake.